Miti Iliyoangushwa na Upepo Nayo Ihesabiwe

Upepo wa mvua ukishapita Tarime au Mugumu, hesabu ya kwanza inayofanywa ni ya mabati. Mtendaji wa kijiji huandika nyumba zilizoezuliwa, mwalimu mkuu huandika madarasa yaliyobaki wazi na vitabu vilivyolowa, na taarifa hizo hupanda kutoka kata hadi wilaya na kutoka wilaya hadi mkoa. Hakuna wa kuibeza hesabu hiyo. Mtoto hawezi kusoma chini ya paa lisilokuwepo, wala familia haiwezi kulala nje. Lakini ipo hesabu ya pili ambayo ni nadra kuonekana katika taarifa za namna hiyo, nayo ni ya miti. Mikaratusi iliyolazwa mlimani, migrevilea iliyovunjika katikati ya kahawa, miti ya ukingoni mwa mto Mara iliyong'olewa pamoja na udongo wake, yote hiyo huoza, huchanjwa kuni au hupakiwa kwenye lori, na baada ya miezi michache hakuna ofisi inayoweza kusema ilikuwa mingapi.

Kasoro hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa mkulima wa Muriba au Nyamwaga, nusu eka ya mikaratusi ni akiba. Ndiyo ada ya mtoto wa sekondari, ndiyo nguzo za nyumba ya kijana anayeoa, ndiyo fedha ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Mikaratusi hiyo ikilala usiku mmoja, mwenyewe hulazimika kuuza magogo kwa bei atakayotajiwa na mnunuzi, kwa sababu jirani zake nao wanauza siku hiyo hiyo. Nyumba yake ikiwa haikuezuliwa, jina lake halimo katika orodha ya walioathirika. Kwa hesabu ya ofisi, mtu huyo hakupata hasara.

Ipo hasara nyingine, na hii ni ya uaminifu. Penye shina lililolala pana maelezo mawili yanayoweza kuandikwa: upepo au shoka. Ikiwa hakuna aliyehesabu katika siku za mwanzo baada ya dhoruba, maelezo ya upepo ndiyo rahisi zaidi, kwa kuwa upepo hauitwi barazani kujibu. Mti mmoja wa chanzo cha maji ulioangushwa na dhoruba unaweza kufuatwa na kumi iliyoangushwa na msumeno, na yote kumi na mmoja ikasafiri kwa maelezo yale yale. Tena uonevu huenda upande wa pili pia. Mwanakijiji aliyekata shina lililoziba njia ya ng'ombe wake huweza kukamatwa na kuitwa mharibifu wa msitu, naye hana karatasi wala shahidi wa kuonyesha kwamba mti huo ulikuwa chini tangu usiku wa mvua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Haiwezi kumpa afisa macho ya kuona lililotokea wiki tatu kabla hajafika.

Macho hayo yapo, na yamekuwa yakipita juu ya Mkoa wa Mara kwa zaidi ya miaka hamsini.

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Ilipita juu ya mahali pamoja kila baada ya siku 18, na doa dogo kuliko yote katika picha yake lilikuwa na upana wa mita zipatazo 80, yaani eneo la zaidi kidogo ya eka moja na nusu. Picha hiyo ilifaa kuonyesha Mau, ziwa na mbuga, lakini haikufaa kuonyesha shamba la miti la mkulima. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1984, ilikuja Landsat 5 yenye doa la mita 30, nayo ikafanya kazi hadi mwaka 2013. Mwaka 2008 Marekani iliamua kutoa hazina yote ya picha za Landsat bila malipo. Kisha Umoja wa Ulaya ukarusha Sentinel-2, ya kwanza mwaka 2015, yenye doa la mita 10, na setilaiti mbili za aina hiyo zikifanya kazi pamoja hurudi mahali pale pale kila baada ya siku tano. Hizi nazo hutolewa bure.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwafanyisha wanafunzi wake hesabu inayofuata. Nusu eka ni mita za mraba zipatazo 2,000. Doa la Landsat la mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900, kwa hiyo nusu eka ya mikaratusi ni madoa mawili na kidogo, na sehemu kubwa ya madoa hayo huchanganya mti na hindi la jirani. Doa la Sentinel ni mita za mraba 100, kwa hiyo nusu eka hiyo hiyo ni madoa 20. Ni machache, lakini yanaonekana. Tarime ni nchi ya mashamba madogo na vikundi vidogo vya miti, si nchi ya misitu mikubwa iliyoshikana, na ndiyo maana teknolojia iliyofaa kwa nchi za misitu mikubwa tangu miaka ya 1980 imeanza kuifaa Tarime katika miaka ya karibuni tu. Asiyejua tofauti hii atachukua ramani ya dunia nzima iliyotengenezwa kwa doa la mita 30, atatazama mlima wa kijiji chake, hataona kitu, na atahitimisha kwamba setilaiti ni uongo.

Namna inavyofanya kazi si fumbo. Jani zima hunyonya mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula cha mti, na hurudisha angani kwa wingi mionzi ya jirani na wekundu ambayo jicho la binadamu haliioni, iitwayo infraredi ya karibu. Setilaiti hupima yote miwili. Mahali penye majani mengi pana tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo. Mahali palipobaki vigogo vikavu au udongo mtupu tofauti hupungua. Mtaalamu huchukua picha ya kabla ya dhoruba na picha ya baada ya dhoruba, hutoa moja katika nyingine, na palipobadilika hujitokeza. Yapo hata mazingatio ya kutofautisha upepo na shoka. Dhoruba huacha vigogo na matawi yametapakaa chini, na mbao kavu ina namna yake ya kurudisha mwanga. Mvunaji huondoa gogo, na kinachobaki ni udongo. Dhoruba huchana msitu bila mpangilio, ilhali shoka hufuata njia.

Mfano wa manufaa ya kazi hii unatoka Brazili. Katikati ya Januari 2005 msururu wa dhoruba ulikatiza bonde la Amazoni. Mwaka huo huo kulikuwa na ukame, na kwa muda miti mingi iliyokufa iliandikwa kwamba iliuawa na ukame. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Robinson Negrón-Juárez walichapisha matokeo ya kulinganisha picha za Landsat na vipimo vilivyochukuliwa ndani ya msitu, wakakadiria kwamba katika eneo la Manaus peke yake dhoruba hiyo iliangusha miti kati ya 300,000 na 500,000. Kwa miaka mitano kosa lilikuwa limebebeshwa asiyehusika. Huko Sweden, kimbunga Gudrun cha tarehe 8 na 9 Januari 2005 kililaza mbao zipatazo mita za ujazo milioni 75, karibu sawa na mavuno ya mwaka mzima wa nchi hiyo. Kilichokuwa na thamani huko baada ya hapo kilikuwa kujua upesi magogo yamelala wapi, kabla wadudu wa magome hawajazaliana ndani yake na kuhamia kwenye miti iliyosalia.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kikaiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Usiku mmoja wa upepo ulibadili uchumi wa visiwa viwili, na kipimo kilichobaki ni makadirio ya watu wa wakati ule. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, setilaiti zilikuwa zimekifuata tangu kilipozaliwa baharini.

Mkoa wa Mara haupigwi na vimbunga vya Bahari ya Hindi. Una dhoruba zake, na mama yake ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo wa ziwani huvuta kuelekea bara, hukutana na pepo zitokazo mashariki, na nyanda za juu huisukuma hewa hiyo yenye unyevu kwenda juu. Alasiri mawingu husimama kama ngome. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, pepo huelekea ziwani, na radi hupiga juu ya maji ambako wavuvi wamo. Wataalamu wakiongozwa na Wim Thiery walionyesha mwaka 2016 kwamba dhoruba kali za usiku juu ya ziwa hilo zinatazamiwa kuongezeka kadiri dunia inavyopata joto. Nyanda za juu za mashariki mwa ziwa zina sifa nyingine ambayo wakulima wa Tarime wanaijua bila kufundishwa, nayo ni mvua ya mawe. Kericho, upande wa Kenya, ni miongoni mwa mahali panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

Mvua ya mawe ndiyo inayotoa somo la kwanza la tahadhari kwa msomaji wa picha. Mawe hukwanyua majani na kuacha mti umesimama. Katika picha ya wiki ile mti huo huonekana sawa na mti ulioanguka, kwa kuwa majani hayapo. Baada ya wiki kadhaa huchipua. Ofisi iliyotuma taarifa ya hekta zilizopotea kwa kutazama picha ya kwanza peke yake itakuwa imeizika miti iliyo hai. Kwa mikaratusi hatari ni ya kinyume: shina lililovunjika huchipua upya, magugu hujaa katikati, na baada ya msimu mmoja picha inasema pana kijani. Kijani pana, lakini mbao za mwenye shamba hazipo. Kwa hiyo picha ina wakati wake wa kutazamwa, na wakati huo ni mfupi.

Ugumu wa pili ni mawingu. Dhoruba huja masika na vuli, na ni wakati huo huo anga hufunikwa. Picha ya kawaida iliyopigwa siku ya pili baada ya upepo ni picha ya wingu jeupe kutoka Sirari hadi Nata. Hapo ndipo rada husaidia. Setilaiti ya Sentinel-1, iliyoanza mwaka 2014, haitegemei jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, ambayo hupenya wingu na giza, na hupokea mwangwi wake. Msitu uliosimama una mwangwi mmoja na msitu uliolala una mwingine. Lakini udongo uliolowa na mteremko wa mlima nao hubadili mwangwi, na Tarime ina vyote viwili. Rada inaonyesha mahali pa kwenda kutazama. Haitoshi kwa kuandika hukumu.

Jambo la tahadhari limeelezwa vizuri zaidi na Serengeti yenyewe, na inafaa kulitazama kwa kirefu, kwa maana imetazamwa kutoka angani kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege. Picha za angani za miaka hiyo zilikuja kulinganishwa na za baadaye, na mwaka 1979 mtafiti Norton-Griffiths alionyesha jinsi miti ya kaskazini mwa hifadhi, yaani upande unaopakana na Tarime, ilivyokuwa imepungua. Mtu wa haraka angesema: wananchi wamekata. Hawakuwa wamekata. Moto na tembo ndio waliokuwa wakifanya kazi hiyo, na nyuma ya moto kulikuwa na ugonjwa wa ng'ombe.

Sotoka ilikuwa imepunguza nyumbu kwa miaka mingi. Ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu waliongezeka kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi chache zilitoa moto mdogo, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kupita urefu wa ndimi za moto. Wakati huo huo majangili waliwamaliza tembo wengi wa upande wa Tanzania, na waliosalia wakakimbilia Masai Mara. Basi kaskazini mwa Serengeti miti ikarudi, na ng'ambo ya mpaka, penye udongo ule ule na mvua ile ile, tembo wakaizuia isirudi. Holly Dublin na wenzake walieleza jambo hilo mwaka 1990. Katika picha, tofauti kati ya pande mbili za mpaka ni rangi tu. Ili kujua kwa nini rangi hiyo iko hivyo ilibidi watu wakae porini miaka mingi, wakipima mche baada ya mche na kuhesabu mavi ya tembo.

Mtumishi wa umma anayepokea ramani yenye madoa mekundu mezani mwake anapaswa kuyakumbuka haya kabla hajaandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Doa jekundu kusini mwa Mugumu mwezi Agosti huenda ni nyasi zilizoungua. Doa jekundu karibu na Ikorongo huenda ni tembo waliolala na migunga usiku kucha. Migunga mingine hupukutisha majani kiangazi kila mwaka kwa desturi yake, na ndiyo sababu picha ya Septemba hailinganishwi na picha ya Aprili, bali na Septemba ya mwaka uliotangulia. Katika mbuga, upepo ni mshitakiwa mmoja kati ya wengi, na mara nyingi si mkubwa. Huko juu Tarime, kwenye mikaratusi iliyopandwa safu kwa safu na yenye umri mmoja, ndiko upepo unakoweza kulaza shamba zima kwa saa moja.

Kwa mto Mara mambo yameunganika zaidi. Mto huo huanzia Mau, Kenya, na kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma, na theluthi mbili hivi za bonde lake ziko upande wa Kenya. Picha za Landsat za mwaka 1973 hadi 2000 zilizochambuliwa na Bancy Mati na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2008, zilionyesha misitu na vichaka vikipungua, mashamba yakipanuka, na kinamasi cha upande wa Tanzania kikiongezeka ukubwa. Maana yake kwa wakazi wa kando ya mto ni rahisi kuifuata. Mvua kubwa ikinyesha palipokuwa na msitu, maji hayasubiri. Hushuka kwa kishindo, hukwangua kingo, huing'oa miti ya ukingoni na kuishusha pamoja na tope hadi kinamasini. Mkaguzi akikuta mti huo umelala mtoni, ataandika mafuriko. Sababu yake huenda ipo kilomita 200 juu yake, katika nchi nyingine.

Picha za Mau zilipochapishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira katika vitabu vyake vya ramani vya mwaka 2008 na 2009, zilisaidia kuamsha mjadala mkubwa Kenya, na kikosi maalumu kiliundwa mwaka 2008 kushughulikia msitu huo. Hilo ni la kusifiwa. Lakini kuhamishwa kwa watu kulikofuata kulionyesha pia mpaka wa uwezo wa picha. Setilaiti iliona shamba lililokuwa msitu. Haikuweza kuona nani alipewa hati, nani aliuziwa kwa hila, na nani alizaliwa hapo.

Hili linagusa vijiji vya Tarime na Serengeti vinavyopakana na hifadhi. Huko neno ramani halisikiki kwa utulivu, kwa kuwa mara nyingi ramani imefuatwa na vigingi. Afisa atakayefika na picha ya setilaiti mkononi akisema anatafuta miti iliyoanguka, wakati wananchi wanaamini anatafuta mpaka, hatapata msaada wa mtu yeyote, na huenda asipate hata maji ya kunywa. Ramani ya miti ianze kuonyeshwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kwenye karatasi kubwa inayoonekana, na wenyeji wapewe kalamu wakosoe. Wazee wanayajua mahali pa misambwa ambapo shoka haliingii, na wanajua ni kichaka kipi kilikuwa kinene walipokuwa vijana. Maarifa hayo hayamo katika hazina yoyote ya picha.

Wataalamu nchini wapo. Tathmini ya taifa ya misitu iliyofanywa kati ya mwaka 2009 na 2014 iliunganisha picha za setilaiti na vipimo vya maelfu ya viwanja porini, na ikaonyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Chuo Kikuu cha Sokoine kina kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ukaa. Wakala wa Huduma za Misitu una watu waliosomea kazi hii. Nairobi kuna kituo cha kanda cha ramani za rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975, na Tanzania ni mwanachama wake. Lakini tathmini ya taifa hupima mabadiliko ya miaka mingi kwa nchi nzima, na haikukusudiwa kumjibu mwenyekiti wa kijiji kimoja anayeuliza upepo wa Jumanne umeangusha nini. Pengo liko hapo, kati ya Morogoro na kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, na kamati hizo ndizo zinazostahili kuliziba, mradi fomu zao ziwe na safu ya miti pembeni ya safu ya mabati.

Fomu hiyo haihitaji kuwa ndefu. Inatosha iwe na tarehe, kitongoji, aina ya mti, idadi, na alama ya mahali iliyosomwa katika simu ya kiganjani. Iwe na swali kama mti umeng'oka na mizizi au umevunjika kiunoni, na jingine kama umeanguka kuelekea wapi. Miti iliyolazwa na dhoruba moja mlimani kwa kawaida hulala ikielekea upande mmoja. Iliyokatwa huacha kisiki chenye uso laini, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuitambua. Somo la Jiografia katika sekondari lina usomaji wa ramani na ufasiri wa picha, na walimu wengi hulifundisha kwa picha za nchi ambazo mwanafunzi hajapata kuziona. Mwalimu wa Mugumu au Nyamongo anayewatoa wanafunzi nje siku ya tatu baada ya upepo, wakahesabu miti ya eneo la shule na ya njia ya kwenda mtoni, atakuwa amefundisha somo lake na ameipa wilaya ushahidi ambao haununuliki. Shule zenyewe zina sababu ya kujali. Safu ya miti upande wa upepo ndiyo inayopunguza nguvu kabla haijafika kwenye bati, na mti uliopandwa karibu mno na darasa huweza kuwa ndio unaolivunja.

Watakaosema kwamba ofisi za wilaya zina kazi nyingi na mtandao hafifu hawasemi uongo. Picha ni bure, lakini kifurushi cha kuipakua si bure, kompyuta si bure, na saa za kuitazama hutoka katika siku ya mtu. Jibu si kununua mitambo. Mtaalamu mmoja wa ramani ngazi ya mkoa, aliyeko Musoma, anaweza kuzihudumia wilaya zote ikiwa vijiji vinampelekea tarehe na mahali, kwa kuwa kazi ngumu ni kujua picha ipi itafutwe. Bila taarifa ya kijiji atakuwa anatafuta sindano katika bonde zima la Mara. Akipewa tarehe na mahali, ni kazi ya asubuhi moja.

Kinachohitajika kwanza ni picha ya kabla. Dhoruba haitoi taarifa, na asiye na picha ya kabla hana cha kutoa katika cha baada. Mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha na moto wa nyasi ukiwa haujatanda, anga ya Mara huwa na siku nyingi za wazi, na majani ya miti bado yapo. Ramani ya msingi ya miti ya Tarime na Serengeti ichorwe wakati huo kila mwaka, nakala moja ibaki wilayani na nakala za vijiji zibandikwe katika ofisi za watendaji, karibu na ule ubao wa mapato na matumizi. Vuli huanza Oktoba, na kati ya Juni na Oktoba ipo miezi ya kutosha kuwauliza wenyeji kila kitongoji kama ramani hiyo imeandika kweli.